The Morning Show: je, ni kisa cha Matt Lauer?

Lauer alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha NBC, kituo cha televisheni cha Marekani. Tamthilia hii si kisa chake moja kwa moja, ingawa kufanana kupo. Apple walitangaza kuinunua tamthilia hii mwanzoni mwa Novemba 2017. NBC walimfukuza Lauer tarehe 29 mwezi huohuo kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Basi hati ya tamthilia ikafumuliwa na kusukwa upya, ndipo akazaliwa Mitch Kessler, mtangazaji wa asubuhi anayefutwa kazi kwa tuhuma kama hizo katika kituo cha kubuni kiitwacho UBA.

Ukitaka kuelewa uwajibikaji unakwama wapi, usiishie sehemu ya kwanza. Msimu wa kwanza una sehemu 10, na ya 8 ndiyo roho yake (tahadhari, nafichua kisa). Timu iko Las Vegas kuripoti mauaji ya risasi. Hannah, kijana wa kutafuta wageni wa kipindi, amevunjika moyo na anamfuata Mitch kama mtu wa kumfariji. Chumbani anaganda, hapigi kelele, wala hasemi "ndiyo". Mitch anahesabu ukimya ule kuwa ridhaa. Baadaye Hannah anapeleka malalamiko kwa Fred, bosi wa kituo, na kabla hajamaliza maelezo anapewa cheo. Hakuna uchunguzi wala faili. Cheo kile kinamfunga mdomo kuliko kitisho chochote, kwa sababu sasa naye anaonekana amenufaika.

Sehemu ya 10, watangazaji wawili wanayamwaga yote hewani hadi matangazo yanakatwa. Mimi naona misimu iliyofuata inayumba, lakini huu wa kwanza umeshikamana.