Maswali na Majibu: Matone ya Polio Yanapobisha Hodi

Tuliambiwa Afrika imetokomeza polio. Mbona wachanjaji wanapita tena nyumba kwa nyumba?

Ni kweli kwamba tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi asilia cha polio. Hata hivyo, Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa mwenye kirusi chenye nasaba na kile cha Pakistan, na Msumbiji ikafuata. Mwaka 2023 mkoani Rukwa, Tanzania, kiligunduliwa kirusi cha namna nyingine, kitokanacho na chanjo ya matone yenyewe, ambacho hubadilika kinapozunguka kwa muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Kwa kuwa takriban mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa ndiye hupooza, mtaa huweza kuonekana salama kumbe kirusi kimo chooni.

Mwanangu alikamilisha chanjo zote kliniki. Apewe tena?

Apewe. Matone ya ziada hayamdhuru, nayo huimarisha kinga ya utumbo, ambako kirusi huzaliana.

Jirani yangu hafungui mlango. Anasema matone yanafunga kizazi.

Uvumi huo ni wa zamani. Mwaka 2003 jimbo la Kano, Nigeria, lilisimamisha chanjo kwa hofu hiyo hiyo, na lilipoanza tena mwaka 2004 lilitumia chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Ajabu ni kwamba mwaka 2005 kirusi kilichotoka Nigeria kiliifikia Indonesia yenyewe. Milango ya kaskazini mwa Nigeria ilifunguliwa na watawala wa jadi, maimamu, na akina mama wa mitaa hiyo hiyo waliojua nani amejifungua juzi. Gari la matangazo halimfai jirani yako. Mwombe balozi wa nyumba kumi, imamu au mchungaji anayemheshimu aandamane na mchanjaji, wapige hodi, waketi, wamsikilize kwanza, nawe umwonyeshe kidole cha mwanao chenye wino wa alama ya kuchanjwa. Kumtishia kwa mgambo, kwa maoni yangu, ni kumfundisha kuficha mtoto.

Sisi vijana tusio wataalamu tusaidie nini?

Mkiona mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, toeni taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani sampuli mbili za choo kikubwa, zinazopishana kwa saa 24 au zaidi, hutakiwa kuchukuliwa ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Wapo wazazi wanaoanzia kwa mganga wa kienyeji. Naye mpeni namba ya simu ya kituo.