Data ya mfululizo: fungu lijae ama muda uishe

Kutoka Kondele, Kisumu: Programu yangu ya Go (lugha ya programu) inaandika risiti za malipo moja moja kwa databesi, jioni inakwama. Niongeze gorutini (kazi ndogo za Go zinazokimbia pamoja)?

Usiongeze bado. Kila risiti moja inalipa safari nzima, kwenda kwa databesi, kungoja iandikwe kwa diski, kurudi, sasa gorutini mia zikifanya hivyo zinapigania tu koneksheni zile zile. Kusanya kama 500 kwa slaisi (orodha ya Go) uandike kwa inseti moja, yaani amri moja ya kuingiza rekodi. Chunga tu, databesi ya PostgreSQL haipokei zaidi ya parameta 65,535 (thamani unazoipa) kwa inseti, kwa hivyo ukiwa na kolamu 10 usipite risiti 6,553.

Kutoka Nakuru: Nimeweka mafungu ya 100. Mchana iko sawa, usiku wateja wanasema risiti hazionekani.

Ni kwa sababu risiti 40 zimekaa zikingoja zingine 60. Hiyo ni matatu ya Kisumu kwenda Busia, asubuhi inajaa haraka, saa tatu usiku watu sita wako ndani na makanga bado anaita. Weka masharti mawili, fungu lijae ama muda uishe, lolote litakalotangulia. Kwa Go ni `select` moja, amri ya kungoja vitu viwili pamoja, upande huu chaneli (bomba la kupitisha risiti kati ya gorutini), upande ule taima, na taima ianze risiti ya kwanza ikiingia. Mimi huanza na nusu sekunde. Gorutini moja tu ndo ishike slaisi, hapo huhitaji kufuli lolote. Lakini tafadhali, ukishapea gorutini ingine slaisi iandike, usiirudishe kwa `[:0]` (kuihesabu tupu kwa memori ile ile) ukaanza kuijaza tena, utabadilisha risiti za watu zikiwa njiani na hakuna erori utaona. Tengeneza mpya.

Kutoka Kakamega: Nikizima sava, rekodi za mwisho zinapotea.

SIGTERM (ishara ya kuambia programu izime) ikiingia acha kupokea, anayetuma afunge chaneli (si anayepokea!), andika kilichobaki hata kama ni kimoja, ndo utoke. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwa sava, inakupa sekunde 30 usipobadilisha. Stima ikipotea hakuna SIGTERM, kwa hivyo usijibu "imefika" kabla databesi ikubali. Hiyo ni pesa ya mama wa omena pale Kibuye.

Kutoka Bungoma: Bafa ya chaneli (nafasi ya risiti kungoja ndani) iwe kubwa kiasi gani?

Mafungu mawili matatu yatosha. Ikijaa anayetuma angoje, afadhali hivyo kuliko memori iishe na programu ife na kila kitu ndani.