Mwonyeshe mtu jina lake, si xn--

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza programu, ukikutana na jina la kikoa lisiloandikwa kwa herufi za Kilatini, usikimbilie kuonyesha ile xn--, yaani umbo la jina lililogeuzwa kuwa herufi za Kilatini, linaloanza kwa alama hizo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyo. Mteja wetu wa Muscat alikuwa na tovuti ambayo jina lake lote ni la Kiarabu, likiishia na عمان (yaani Oman). Programu yetu ikamwonyesha msururu wa herufi zisizosomeka ulioishia na xn--mgb9awbf. Alipiga simu akihema, akiamini tovuti yake imetekwa. Kumbe ni jina lake mwenyewe, tulilomvisha sura asiyoijua.

Majina haya husafiri kwenye mtandao kwa herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu, ndiyo maana kukawa na punikodi, njia ya kugeuza herufi nyingine kuwa hizo: münchen.de hugeuka xn--mnchen-3ya.de. Umbo hilo ni la kuhifadhi na kulinganishia. Mbele ya mtu weka jina kama anavyolisoma.

Hatari ipo, na lazima uijue. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili jina ambalo ndani ya Chrome na Firefox lilisomeka apple.com. Neno lile lote lilikuwa la Kisiriliki, maandishi yanayotumika kwa Kirusi. Hata ile l ni herufi inayotumika katika lugha za Kaukazi. Vivinjari vilikuwa vikiyashuku majina yanayochanganya maandishi, lakini hili halikuchanganya kitu, likapita. Chrome 58 ndiyo iliyoziba tundu hilo. Kwa hiyo kagua mchanganyiko (ukikumbuka kwamba Kijapani huchanganya maandishi yake kihalali), kisha kagua neno zima lililojengwa kwa herufi za maandishi mengine zinazofanana na za Kilatini. Likinaswa hapo, xn-- ni haki yake.

Wapo wanaosema tuonyeshe xn-- kila mahali ili tuwe salama. Sikubaliani nao hata kidogo. Mpe yule bwana wa Muscat anwani mbili za xn--, ya kwake na ya tapeli, atazitofautishaje? Umemnyima macho yake, ulinzi wa kwanza alionao.

Na Kiarabu husomwa kutoka kulia. Ukilichomeka jina hilo katikati ya sentensi ya Kiswahili bila kulitenga, nukta na tarakimu za jirani huruka upande usio wao. Kwenye ukurasa wa tovuti lizungushie alama ya HTML iitwayo bdi, inayolitenga na maneno ya jirani, halafu mpe simu anayesoma Kiarabu akusomee anwani kwa sauti kabla hujatoa toleo.