Kwa unayeanza kuwafungia watu kipanya cha mdomo

Kama ndio kwanza unaingia kwenye kazi hii ya kumfungia mtu asiyeweza kutumia mikono kifaa cha kuendeshea simu kwa mdomo, nakuomba simu iache kwanza mfukoni. Najua ndiyo inayovutia, na mwenye kifaa pamoja na ndugu zake wanasubiri kwa hamu kuona kishale kikitembea. Lakini mara nyingi nimeitwa kwa kuambiwa "simu inasumbua", nikafika na kukuta tatizo ni mkao: kiti, shingo, au mkono wa chuma unaoshika kifaa.

Kifaa chenyewe si kigumu kuelewa. Ni kijiti kifupi chenye tundu. Ukikisukuma kwa midomo, kishale kinatembea kwenye skrini. Ukipuliza kidogo ni sawa na kugusa kwa kidole, na ukinyonya ni sawa na kitufe cha kulia cha kipanya. Ipo mitambo inayouzwa ikiwa tayari, na ipo kama LipSync ya shirika la Neil Squire la Kanada, ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote, sehemu zake zikachapishwa kwa printa ya 3D na kuunganishwa. Ufungaji wake unafanana.

Anza na mkao ambao mtu huyo hukaa saa nyingi za siku. Usimnyooshe akae vizuri kwa ajili yako, kwa sababu ukiondoka atarudi alivyokuwa na kijiti kitabaki mbali. Kama kiti chake cha magurudumu hulazwa nyuma ili kupumzisha ngozi, funga mkono wa chuma kwenye sehemu ya kiti inayolala pamoja naye. Ukiufunga mezani, kiti kikilazwa kifaa kinabaki kikining'inia hewani. Ncha ifike mdomoni huku kichwa kimeegemea, bila kuvuta shingo mbele hata kidogo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo karibu na shingo ana misuli michache inayomtii, na hiyo hiyo ndiyo anayoitumia kutwa nzima.

Halafu fanya jaribio hili, usiliruke. Mwambie ageuze kichwa, akiache kijiti, akohoe, azungumze na mtu wa pembeni, kisha akirudie mwenyewe bila kusaidiwa. Akishindwa kutoka au kurudi, hujamaliza kufunga. Mkono wa chuma uje kutoka ubavuni, skrubu zikazwe sawasawa, na mtikisiko wa kiti usisukume kijiti kuelekea kwenye meno. Simu ipe mkono wake, mbali na wa kifaa. Kaa usawa wa macho yake uone anachokiona: mara nyingi kijiti huwa kimeziba sehemu ya chini ya skrini, pale pale penye kibodi.

Sasa washa. Mitambo ya aina hii, inapopata umeme, hupima katikati ya kijiti ni wapi na hewa ya kawaida ina shinikizo gani, kisha hulinganisha kila kitu na vipimo hivyo. Kwa hiyo wakati wa kuchomeka waya, mdomo uwe mbali na kijiti. Ukiona kishale kinateleza chenyewe kuelekea kona ya skrini wakati hakuna anayekigusa, usikimbilie kulaumu kifaa. Chomoa, hakikisha kijiti kiko huru, chomeka tena.

Kwenye pumzi ndipo wageni wa kazi hii wanapowachosha watu bila kujua. Ukimwambia mtu "puliza", atapuliza kwa kifua, na baada ya dakika chache kichwa kinamzunguka. Kinachotakiwa ni mashavu tu. Mama mmoja niliyemfundisha alikuwa akivuta hewa nyingi kabla ya kila mguso, mabega yakipanda. Nilimwomba aendelee kupumua polepole kwa pua huku akibana mashavu kidogo kwenye mrija. Mguso ulipita, na pua haikusita. Mwenye mapafu dhaifu anaweza kutumia kifaa hiki vizuri sana akishaipata mbinu hiyo. Midomo isipoziba vizuri, punguza nguvu inayohitajika, au achana na kupuliza kabisa: Android na iPhone zote zina mpangilio wa kubofya zenyewe kishale kikitulia mahali.

Upande wa simu hauna mengi. Android nyingi hukipokea kifaa kama kipanya cha kawaida, kwa waya wa USB wenye adapta inayofaa au kwa Bluetooth, na kishale kinatokea papo hapo. Kikuze, na kasi uishushe mwanzoni. iPhone inahitaji uwashe AssistiveTouch, mpangilio wake wa kuwasaidia wenye shida ya kugusa skrini, ulioanza kupokea kipanya mwaka 2019 kwenye toleo la mfumo la iOS 13. Kibodi ya skrini ikipotea, simu imedhani kuna kibodi halisi iliyounganishwa. Tafuta mpangilio wa kuionyesha daima. Na kuna jambo moja la iPhone linaloweza kumwacha mtu bila mawasiliano usiku mzima: ikifungwa kwa zaidi ya saa moja inaweza kukataa kifaa cha waya mpaka ifunguliwe kwanza, na yeye hana kidole cha kuifungulia. Hakikisha ruhusa ya vifaa vya USB wakati simu imefungwa imewashwa. Vifaa saidizi vingi huiwasha vyenyewe vinapounganishwa mara ya kwanza, lakini wewe ikague kwa macho yako.

Zoezi la kwanza liwe jambo analolitaka yeye. Wengi huchagua kumwandikia mtu ujumbe bila msaidizi kusoma, na nguvu wanayoitia hapo hutaipata kwenye zoezi lolote la kulenga vidoti. Vikao viwe vifupi, midomo na taya huchoka haraka.

Kabla hujaaga, kaa na wanaomhudumia. Bandika utepe wa rangi pale kila kiungo cha mkono kinapokazwa, na piga picha kutoka ubavuni wakati kila kitu kiko sawa. Waonyeshe kuosha ncha kila siku, na kubadilisha kichujio mate yakikiziba, maana mguso unaoanza kukwama baada ya wiki kadhaa mara nyingi hutokea hapo. Ncha ya mtu ni yake peke yake. Kisha mwachie msaidizi afungue kila kitu na kukifunga upya mbele yako, na mwenye kifaa ndiye aseme kama kimekaa sawa.