Kuanza gita la bluzi ukiwa hujui kitu: anza na mkono wa kulia

Mkuu, nimelisoma swali lako lote. Umenunua gita kavu (lisilotumia umeme), hujawahi kupiga chombo chochote, unampenda B.B. King, yule mpiga gita wa bluzi wa Marekani, na kila video unayofungua inakurushia skeli (mipangilio ya sauti za kupanda na kushuka) zenye majina marefu mpaka unakata tamaa. Unauliza uanze na nini, na kama ulipaswa kusubiri upate gita la umeme. Nimepiga bluzi miaka mingi na nimewafundisha watu kadhaa walioanza kama wewe, kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu.

Skeli ziweke pembeni kwanza. Bluzi inabebwa na mwendo, na mwendo uko mkono wa kulia. Nimekutana na vijana wanaokimbiza vidole kwenye shingo ya gita kwa kasi ya kushangaza, lakini ukiwaomba wakushikie rizimu ya polepole dakika mbili tu, wanapotea. Nimekutana pia na wazee wenye kodi tatu pekee (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) wanaopiga mpaka ukumbi mzima unatikisa vichwa. Fuata njia ya hao wazee.

Kodi zenyewe ni E7, A7 na B7. (Freti ni zile nafasi kati ya vyuma vidogo vya shingoni, unazihesabu kuanzia upande wa kichwa cha gita.) E7 inahitaji vidole viwili: cha kati kwenye uzi wa 5 freti ya 2, cha shahada kwenye uzi wa 3 freti ya 1, nyuzi nyingine zote ziache wazi, yaani bila kuzibonyeza. A7 nayo ni vidole viwili, uzi wa 4 na uzi wa 2, vyote freti ya 2, na uzi wa 6 usiuguse. (Uzi wa 6 ni ule mnene wa juu, wa 1 ni mwembamba wa chini.) B7 ndiyo itakayokutoa jasho kwa sababu inataka vidole vyote vinne: cha kati uzi wa 5 freti ya 2, cha shahada uzi wa 4 freti ya 1, cha pete uzi wa 3 freti ya 2, uzi wa 2 wazi, na kidole kidogo uzi wa 1 freti ya 2. Kidole kidogo kitagoma. Kiache kigome, endelea kukiweka mahali pake kila siku, kitatii.

Sasa mpangilio. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kipimo mapigo 4. Vipimo vinne vya mwanzo ni E7, viwili A7, viwili E7, halafu kimoja B7, kimoja A7, kimoja E7, na cha mwisho B7 inayokurudisha mwanzo. Basi. Mzunguko huo mmoja umebeba maelfu ya nyimbo, na ukiuweka kichwani unaweza kukaa na mpiga bluzi yeyote duniani, hata kama hamna lugha moja, na mkapiga pamoja usiku huohuo. Uimbe kwa mdomo ukiwa kwenye daladala, uhesabu kwa vidole, mpaka ufike mahali unahisi A7 inakuja kabla haijafika.

Mkono wa kulia wenyewe hauendi sawasawa kama saa ya ukutani. Kila pigo ligawe vipande vitatu vilivyo sawa, piga cha kwanza na cha tatu, cha katikati kipite kimya. Kwa mdomo inasikika daa-da, daa-da, daa-da, daa-da. Huo mwendo wa kuchechemea ndiyo roho ya jambo lenyewe. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika na uzuie nyuzi kidogo kwa ubavu wa kiganja karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwili wa gita, ili sauti itoke fupi na nzito. Ukishazoea, acha kodi nzima na upige nyuzi mbili tu: uzi wa 6 wazi pamoja na uzi wa 5 freti ya 2, kisha peleka kidole cha pete kwenye freti ya 4 ya huo uzi wa 5, rudi, peleka, rudi. Kwenye A7 fanya hivyohivyo kwa uzi wa 5 wazi na uzi wa 4. Kipimo cha B7 kikifika, shika B7 yako ya kawaida, mkono bado haujatanuka vya kutosha. Siku utakayofikisha mizunguko kadhaa mfululizo bila mguu wako kuacha kugonga sakafu, hapo tayari unapiga bluzi, na nasema hivyo bila kukupamba.

Ukitaka kusikia mwendo unavyoweza kujitosheleza, mtafute mpiga bluzi John Lee Hooker. Rekodi aliyoifanya Detroit mwaka 1948, iliyomtoa, ni sauti yake, gita lake na mguu wake unaogonga chini, na karibu hakuna kodi inayobadilika. Baada yake msikilize mpiga bluzi mwenzake, Jimmy Reed, utatambua ule mwendo wa nyuzi mbili niliokueleza. Mpiga bluzi mwingine, Robert Johnson, muache kwa sasa. Nyimbo zake 29, alizorekodi Texas mwaka 1936 na 1937, ni hazina, lakini anapiga besi (sauti nzito za chini) na sauti za juu kwa wakati mmoja kama watu wawili, na mwanafunzi akianzia kwake anaweza kuvunjika moyo bure.

Halafu uimbe. Najua hukuuliza kuimba, lakini bila mdomo hutaelewa gita linafanya nini. Shairi la bluzi lina mistari mitatu: unasema jambo, unalirudia, kisha unalijibu. Kila mstari unachukua vipimo vinne, ila maneno yanajaza kama viwili tu vya mwanzo, vinavyobaki ni vya gita kuitikia. Sisi tumekulia kwenye ngoma za mwimbaji na waitikiaji, kwa hiyo hili litakuingia haraka. Tunga ya kwako kwa Kiswahili, jambo lolote la nyumbani. Huu mfano natumia na wanafunzi:

Mvua imenyesha usiku, na paa langu linavuja,
Mvua imenyesha usiku, na paa langu linavuja,
Fundi alisema Jumatatu, leo Ijumaa hajaja.

Imba mstari, nyamaza, acha gita liseme kidogo, endelea. Ndivyo alivyofanya B.B. King maisha yake yote: hakuwa anaimba na kupiga kwa pamoja. Akiimba gita linanyamaza, akinyamaza gita linamjibu. Mkisikiliza vizuri, wakuu, mtaona jinsi anavyopiga sauti chache. Nafasi anazoziacha zina uzito sawa na sauti zenyewe.

Hapo sasa ndipo sauti tano zinapokuja, E, G, A, B na D. Kwenye freti za mwanzo ni rahisi: nyuzi za 6, 2 na 1 unapiga wazi na freti ya 3, nyuzi za 5, 4 na 3 unapiga wazi na freti ya 2. Usizipande na kuzishuka kama ngazi. Chukua mbili au tatu, ujibu nazo mstari wako kuhusu paa. Kuna moja nataka uikalie sana: G, freti ya 3 kwenye uzi wa 1. Kodi ya E7 ina G# (sauti iliyo freti moja juu ya G) ndani yake, kwa hiyo hiyo G inagombana nayo, na ugomvi huo ndio unaotufanya tuseme hii ni bluzi. Isukume kidogo kwa kidole uelekee juu, usifike G#, ikae katikati. Piano haina kibonyezo cha sauti hiyo. Mara ya kwanza mwanafunzi akiipata, huwa anaangalia gita lake upya.

Kuhusu gita kavu na la umeme: ulilonalo linatosha kabisa kwa kila nilichoandika hapa. Waliolima pamba Mississippi walianza na gita kavu. Mpiga bluzi Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943, akachukua gita la umeme kwa sababu kwenye kelele za baa la kavu halikusikika. Tofauti utaiona kwenye kusukuma nyuzi ili sauti ipande. Uzi wa 3 wa gita kavu umezungushiwa waya na ni mgumu, wa gita la umeme kwa kawaida ni mtupu na mwepesi. Jaribio zuri ni hili: piga uzi wa 1 wazi, kisha shika uzi wa 3 freti ya 7 na uusukume mpaka utoe sauti ileile. Kwenye la umeme utafika ukitumia vidole vitatu kwa pamoja. Kwenye kavu usilazimishe, utajiumiza. Na ukiwa mikoa ya pwani futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, chumvi ya hewa inazila haraka.

Jambo moja la nyongeza, kwa sababu gita lako ni kavu. Mtafute Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga huko Kongo, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili. Siyo bluzi, lakini sikiliza kidole gumba kinavyoshikilia besi huku cha shahada kikicheza wimbo juu yake. Kisha msikilize mpiga bluzi Mississippi John Hurt. Kazi ya kidole gumba ni ileile, na baada ya miezi kadhaa ya vipimo 12 mkono wako utakuwa tayari kuijaribu.

Fanya dakika 20 kila siku, ncha za vidole zikianza kuwaka pumzika. B7 ikikusumbua, andika hapahapa ni kidole gani kinazima uzi gani, tutakuelekeza.