Maswali ya Wasomaji: Setilaiti Inaona Nini Hasa?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu setilaiti. Tumechagua tatu, kwa sababu waandishi wake, yaani mfugaji, mwenye boti na mnunuzi wa kiwanja, wanakitegemea chombo kilekile kwa mahitaji yasiyofanana hata kidogo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikata bima ya mifugo inayopimwa kwa setilaiti. Msimu uliopita nilipoteza mbuzi 11 na sikulipwa hata senti moja, ilhali jamaa zangu wa eneo jirani walilipwa bila mtu yeyote kwenda kuhesabu mizoga. Je, setilaiti haikuwaona mbuzi wangu?
Mfugaji, Kaunti ya Marsabit

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu yetu. Haikuwaona, wala haikutumwa kuwaona. Bima ya namna hii ilianzia huko huko kwenu Marsabit mnamo Januari 2010, chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao Nairobi pamoja na washirika wake, na malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011 wakati wa ukame mkali. Ilibuniwa kwa sababu moja ya wazi: kumtuma mkaguzi kwa gari hadi nyikani kuhakikisha kifo cha kila mbuzi kungegharimu zaidi ya ada ambayo mfugaji angeweza kulipa. Ikaamuliwa basi kwamba mifugo isihesabiwe kabisa, yapimwe malisho.

Upimaji wenyewe unategemea tabia ya jani. Jani bichi lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha angani kwa wingi mwanga mwingine ulio jirani na mwekundu, ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani likinyauka, tofauti kati ya mianga hiyo miwili hupungua. Setilaiti huipima tofauti hiyo, kisha wataalamu hutafuta wastani wa eneo zima na kuulinganisha na misimu kama huo ya miaka iliyopita. Wastani ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, hata yule ambaye hakupoteza mnyama. Usiposhuka, hakuna anayelipwa.

Hebu fikiria pia ukubwa wa nukta za picha hizo. Nukta moja imekuwa na upande wa mita 250, yaani ekari 15 na ushei, kwa hiyo boma lako, zizi lako na mgunga unaopumzika chini yake vyote vimo ndani ya nukta moja. Kwa kazi hii ukungu huo si kasoro, maana bima inahitaji kumbukumbu ndefu ya miaka mingi kuliko picha kali ya leo. Kasoro iko kwingine: setilaiti inaona ukijani, haionji majani. Mahali palipovamiwa na mathenge, mti wenye mizizi mirefu unaobaki kijani hata katika kiangazi na ambao majani yake mifugo huyaepuka, namba inaweza kuonyesha heri kumbe mbuzi wana njaa. Vivyo hivyo, ugonjwa ukiingia zizini, au mvua ya baridi ikiwanyeshea mbuzi waliokwisha kudhoofika, watakufa katikati ya nyasi zinazochipua na bima haitatikisika.

Kwa maoni yetu, lawama kubwa ni ya aliyekuuzia bima hiyo bila kukufafanulia kwamba inalinda dhidi ya upungufu wa malisho tu. Mpango wenyewe umebadilika kwa miaka: mwanzoni ulikadiria vifo kwa kutazama hali ya malisho, baadaye ukaelekezwa kulipa mapema malisho yanapopungua, ili mfugaji anunue nyasi na maji mnyama akiwa bado hai. Kabla ya kulipa ada tena, mtake wakala akuonyeshe mipaka ya eneo lako, kiwango kinacholeta malipo na miezi inayopimwa. Ukiwa huhamia mbali na eneo hilo kwa sehemu kubwa ya msimu, mweleze, kwa maana kipimo hakikufuati uendako.

SWALI: Nina boti mbili za kuvua jodari na nguru. Kijana mmoja ananiuzia huduma ya simu anayodai inaonyesha samaki walipo kwa setilaiti. Ninunue?
Mwenye boti, Kilwa Masoko

JIBU: Hakuna setilaiti inayomwona jodari akiwa majini, na anayedai hivyo anakuuzia maneno. Kinachoonekana ni joto la ngozi ya juu ya bahari na rangi ya maji. Maji ya kijani huashiria mimea midogo mno inayoliwa na viumbe vidogo, ambao nao huliwa na dagaa, na dagaa ndio humvuta nguru. Huduma ya kweli hutafuta mahali ambapo maji ya baridi hukutana na ya vujoto, kisha hukisia. Kukisia huko kuna thamani kwa meli ya bahari kuu inayotaka kuokoa mafuta ya safari ya siku kadhaa. Kwenu thamani hiyo hupungua, kwani tope linalomwagwa na mito huchafua rangi ya maji ya pwani na kukihadaa kipimo, na siku za mawingu rangi haionekani kabisa. Swali moja litamtambulisha kijana huyo: picha yake ni ya lini? Ya juzi ni hadithi kwa mvuvi.

Huduma ya setilaiti unayoihitaji zaidi tayari ni ya bure. Setilaiti za hali ya hewa zilizo juu ya ikweta, takribani kilomita 36,000 kutoka ardhini, huzunguka sambamba na dunia na hupiga picha ya mawingu kila dakika 10 hadi 15. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, kilifuatiliwa kwa picha za aina hiyo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari mapema. Nahodha wako asing'oe nanga kabla ya kusikiliza taarifa hizo.

SWALI: Je, naweza kuhakiki mipaka ya kiwanja cha mita 20 kwa 20 kwa kutumia simu?
Mnunuzi, Morogoro

JIBU: Hapana. Simu hupima muda ambao mawimbi ya redio hutumia kushuka kutoka setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, na kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde tayari ni sentimita 30. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 3 hadi 5. Chini ya miembe, zaidi. Ramani ya picha iliyomo ndani yake nayo yaweza kuwa imesogea kwa mita kadhaa, tena ni ya miaka iliyopita. Mpimaji ardhi hutumia setilaiti zilezile, ila huweka kipokezi kimoja juu ya alama inayojulikana na kutembea na cha pili. Makosa yanayovipata vyote viwili hutolewa, zikabaki sentimita chache. Kabla hujalipia kiwanja, mwite mpimaji aliyesajiliwa aje na ramani ya upimaji na kuzitafuta bikoni, yaani alama za mipaka zilizosimikwa ardhini. Uje na jembe, maana mara nyingi zimefukiwa na udongo.