Ukitumwa Dodoma kufuatilia muswada

Mdogo wangu, mimi mara ya kwanza nilifika bungeni na kabrasha la maoni, kurasa 14, siku ambayo muswada wenyewe unasomwa Mara ya Pili. Ofisa mmoja akaniangalia kwa huruma: "Kamati ilishamaliza kusikiliza wadau." Nikapanda basi kurudi Dar es Salaam na kabrasha langu mapajani.

Kosa langu lilikuwa kudharau Kusomwa Mara ya Kwanza. Hapo Katibu husoma jina la muswada tu, hakuna mjadala, na ukipiga chafya umepitwa. Lakini baada ya hapo muswada unakwenda kwenye Kamati ya Bunge inayohusika, na Kamati ndiyo inayoita wadau. Wahi huko. Na usipeleke manung'uniko. Peleka maneno: ibara ya ngapi, kifutwe nini, kiwekwe nini. Ukiandika "ibara hii inaumiza wafugaji" watakusikiliza kwa heshima, kisha watakuuliza, "Kwa hiyo unapendekeza isomekeje?" Muswada ukija kwa hati ya dharura, yaani Serikali inataka upitishwe haraka kuliko kawaida, muda wa kujipanga unakuwa finyu zaidi, kwa hiyo anza kuandika siku hiyo hiyo.

Kuusoma, anzia nyuma. Mwishoni kuna Madhumuni na Sababu, ambapo Serikali inaeleza inachotaka kwa lugha ya kawaida. Kisha weka pembeni sheria mama, yaani sheria iliyopo ambayo muswada unairekebisha. Muswada wa marekebisho unaweza kusema tu kwamba katika kifungu fulani neno "na" lifutwe, badala yake liwekwe "au". Peke yake haina maana yoyote. Ndani ya sheria mama, palipotakiwa masharti mawili sasa moja linatosha. Miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ndiyo ya kuogopa kuliko yote, maana jambo lako linaweza kujificha katikati ya sheria zisizokuhusu.

Mara ya Pili waziri anatoa hoja, Kamati inatoa maoni yake, wabunge wanachangia. Hotuba tamu, na kamera zipo. Ila ukisikia "Mheshimiwa Spika" imegeuka "Mheshimiwa Mwenyekiti", acha chai yako: Bunge limekaa kama Kamati ya Bunge Zima, ibara zinapitishwa moja moja. Tafuta mapema jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko yanayopendekezwa kwenye ibara za muswada. Bila hilo, nakala uliyoshika imeshachacha, na nimeona watu wazima wakinukuu ibara iliyobadilishwa jana yake.

Mara ya Tatu haichukui muda. Usikimbilie kuandika "sheria mpya". Kilichopita ni muswada. Kwa Ibara ya 62 ya Katiba, Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge, na sehemu moja bado haijasema. Rais akikataa, Ibara ya 97 inamtaka aurudishe pamoja na sababu. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi 6, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Hapo ana siku 21 za kukubali, ama avunje Bunge.

Hata Rais akisaini, fungua kifungu cha 1 cha sheria hiyo. Kikisema itaanza kutumika tarehe atakayoteua Waziri, subiri tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Mteja akikupigia kuuliza kama sheria imeanza, usimjibu kabla hujalishika tangazo hilo mkononi.